KUONA SI KUTAZAMA: MANENO YA KIINGEREZA YA KAZI YA MACHO

Kazi ya jicho ni moja, lakini majina ya kazi hiyo ni mengi. Mswahili husema ona, tazama, angalia, chungulia, kodoa, tupa jicho. Mwingereza naye husema "see", "look", "watch", "glance", "glimpse", "stare", "gaze" na "peep". Mtu ajifunzaye Kiingereza akifungua kamusi hukuta maneno hayo ya kigeni yamefasiriwa kwa maneno yale yale mawili matatu ya Kiswahili, naye hudhani kwamba yote ni sawa, na kwamba aweza kuokota lo lote apendalo. Hayako sawa. Kila moja lina mahali pake, na mtu akiliweka mahali pasipo pake aweza kuchekwa, aweza kumkasirisha mwenziwe bila kukusudia, na pengine aweza kumtia mtu hatarini.

Jambo hili si la watoto wa shule peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imetaja Kiswahili na Kiingereza kuwa ndizo lugha rasmi za Jamhuri. Kwa hiyo mtu aweza kueleza habari yake kwa Kiswahili asubuhi, na habari iyo hiyo ikaandikwa kwa Kiingereza mchana, ikiwa ni katika kituo cha polisi, hospitali, ofisi au mahakama. Neno likipotoka njiani baina ya lugha hizo mbili, haki ya mtu huweza kupotoka pamoja nalo. Basi yafaa tuyachungue maneno haya moja moja.

JICHO LILILOPOKEA NA JICHO LILILOKWENDA

Tuanze na maneno mawili makubwa, "see" na "look". Njia nyepesi ya kuyafahamu ni kukumbuka maneno yetu ya sikio. Sisi hatuchanganyi kusikia na kusikiliza. Mtu aliyelala husikia mvua juu ya bati bila kutaka. Lakini asikilizaye habari za redio ameelekeza sikio lake kwa hiari. Kusikia humjia mtu. Kusikiliza hufanywa na mtu. Waingereza nao hutenga vivyo hivyo: kusikia ni "hear", kusikiliza ni "listen".

Kwa upande wa macho, "see" ni ndugu wa kusikia, na "look" ni ndugu wa kusikiliza. "See" ni kuona: kitu kimelijia jicho, likakipokea. "Look" ni kutazama: jicho limekwenda lenyewe kukitafuta kitu. Ndiyo maana Mwingereza aweza kusema, "I looked, but I did not see it," yaani, nilitazama lakini sikukiona. Mtu aliyeangusha ufunguo gizani hutazama chini muda mrefu asione kitu. Na mwingine, apitaye zake bila kutazama lo lote, akauona.

Kutokana na tofauti hiyo zimezaliwa kanuni mbili ndogo ambazo wanafunzi wengi huzikosea. Ya kwanza ni kwamba "look" halishiki kitu moja kwa moja. Kwa Kiswahili twasema "tazama picha" na maneno yametosha. Kwa Kiingereza lazima pawepo neno dogo la kuelekeza jicho, "look at the picture". Asemaye "look the picture" amekata daraja katikati ya jicho na picha.

Ya pili ni kwamba "see", kwa kuwa ni jambo limjialo mtu, kwa kawaida halisemwi kwa namna ya kazi inayoendelea. Sisi husema "ninaona basi linakuja", na kwa sababu hiyo wengi huandika "I am seeing a bus". Mwingereza husema "I see a bus" au "I can see a bus". Akisema "I am seeing the doctor tomorrow", hana habari za macho hata kidogo. Maana yake ni kwamba kesho atakwenda kwa daktari kwa ahadi waliyowekeana.

KUANGALIA KWA MTU AKESHAYE

Neno la tatu ni "watch". Hili nalo ni kutazama kwa hiari, lakini limeongeza mambo mawili: muda, na kungoja. Kitu kinachotazamwa kinakwenda, au chaweza kubadilika wakati wo wote, na mtazamaji hataki kupitwa. Picha iliyotundikwa ukutani hutazamwa kwa "look at", kwa maana haiendi po pote. Mchezo wa mpira hutazamwa kwa "watch", kwa maana mpira haukai mahali pamoja, na ageukaye kando aweza kukosa kuliona bao.

Asili ya neno hili yasaidia kulishika. "Watch" na "wake", yaani kuwa macho, yatoka katika shina moja la Kiingereza cha kale. Mwenye "watch" ni mtu akeshaye. Mlinzi wa usiku huitwa "watchman" kwa sababu hiyo, maana kazi yake ni kukaa macho wenzake walalapo.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mama ameteleka maziwa, naye yampasa kutoka kidogo. Amwambia mtoto, "Angalia maziwa." Mtoto wa Kiswahili afahamu mara moja kwamba asiondoke pale mpaka mama arudi. Lakini ikiwa maneno hayo yatafasiriwa "look at the milk", mtoto wa Kiingereza atageuza uso, atayatupia macho, kisha atarudi kwenye mchezo wake, na maziwa yatamwagika juu ya moto. Hakukosa, maana alifanya kama alivyoambiwa. Neno lililotakiwa ni "watch the milk". Kiswahili chetu kimeweka kazi hizo mbili katika neno moja, angalia, na kuacha maneno mengine ya habari yaonyeshe ni ipi iliyokusudiwa. Kiingereza kimezitenga tangu mwanzo.

MUDA WA JICHO NA HALI YA MOYO

Baada ya maneno hayo matatu makubwa yaja yale madogo. Kuyapanga si kazi ngumu, mradi mtu aulize mambo mawili: jicho lilikaa muda gani, na moyo ulikuwa katika hali gani?

Katika muda mfupi yapo maneno mawili ambayo hufanana sana, "glance" na "glimpse". "Glance" ni kutupa jicho. Mtu ametaka mwenyewe kutazama, lakini ametazama upesi na kuliondoa jicho. Hapo zamani neno hili lilitumiwa kwa silaha ipigayo kitu kwa upande na kuteleza. Basi fikiri juu ya jicho liligusalo jambo na kuteleza. "Glimpse" ni kuona kidogo kwa kuwa kitu chenyewe kimepita upesi au kimefichika. Mtu aliye ndani ya gari la moshi akimwona twiga kwa nafasi ndogo kati ya miti, amepata "glimpse". Kama angekuwa na njia angemtazama zaidi. Kwa hiyo "glance" ni mtoto wa "look", na "glimpse" ni mtoto wa "see". La kwanza hufanywa na mtu, la pili humpata.

Katika muda mrefu yapo "gaze" na "stare". Yote mawili ni kukaza macho. Aliyefanya "gaze" amevutwa na uzuri, upendo, mshangao au mawazo, kama mtu asimamaye ufuoni akiitazama bahari. Aliyefanya "stare" amekodoa macho, ama kwa kustaajabu, ama kwa hofu, ama kwa kukosa adabu. Wajuao asili ya maneno hulihusisha "stare" na shina lenye maana ya ugumu na kukakamaa. Kumwandikia mtu kwa barua kwamba ulipofika kwake "I stared at your wife" ni kumtukana, hata kama ulitaka kumwambia tu kwamba ulimwona mkewe akiwa mzima.

Liko tena "glare", yaani kumtolea mtu macho kwa hasira, na "peep", ambalo ni sawa kabisa na kuchungulia kwetu. Achunguliaye amejificha au amepitisha jicho penye tundu. Katika neno hili la mwisho mfasiri hana taabu, kwa sababu lugha zote mbili zimekata kitambaa kwa kipimo kimoja.

NENO MOJA MBELE YA HAKIMU

Sasa tuone jinsi tofauti hizi ziwezavyo kugusa maisha ya mtu. Katika kesi nyingi za wizi na unyang'anyi, jambo kubwa ni moja tu: je, shahidi alimtambua kweli mshtakiwa, au amemfananisha na mwingine? Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ijulikanayo kwa jina la Turnbull, na humo ikaeleza mambo ya kupimwa kabla ya kuutegemea ushahidi wa namna hiyo. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Walikuwa mbali kiasi gani? Mwanga ulikuwaje? Kulikuwa na kitu kilichomzuia kuona vizuri? Alipata kumwona kabla ya siku hiyo? Ulipita muda gani baina ya kumwona na kumtambua mbele ya polisi?

Hukumu hiyo ilitaja jicho la mara moja lipitalo upesi, na neno iliyotumia ni lile lile "glance", kuwa mfano wa ushahidi dhaifu. Ikiwa ushahidi wa kumtambua mtu ni dhaifu namna hiyo, wala hakuna ushahidi mwingine wa kuutegemeza, kesi haifai kuendelea. Mahakama za Kenya zimeifuata hukumu hiyo mara nyingi.

Fikiri basi kazi ya mkalimani. Shahidi wa kwanza asema, "Nilimtupia jicho alipopita." Wa pili asema, "Nilimwona." Wa tatu asema, "Nilikuwa nikimwangalia tangu alipoingia dukani mpaka alipotoka." Kama mkalimani atawaandikia wote watatu "I saw him", ameufanya ushahidi ulio hafifu na ushahidi ulio imara kuwa na uzito mmoja. Akimwandikia wa kwanza "I watched him", amempa shahidi dakika nyingi ambazo hakuwa nazo, na mtu asiye na hatia aweza kufungwa kwa dakika hizo. Na akimwandikia wa tatu "I glanced at him", mwizi aweza kwenda zake.

Tena "watch" lina swali lake. Hakimu akisikia kwamba ulikuwa ukimwangalia mtu kwa muda mrefu, atataka kujua ni kwa nini. Ulimshuku? Ulimfahamu? Kwa hiyo ni wajibu wa shahidi kueleza kwa Kiswahili kilicho wazi: alitazama kwa muda gani, akiwa wapi, kwa mwanga gani. Shahidi aliyesema "niliona" tu amemwachia mkalimani kazi ya kukisia.

"NAONA" NA "I SEE"

Yako mahali ambapo neno letu la kuona limeenea kuliko lao. Sisi twaona baridi, twaona njaa, twaona haya, twaona uchungu. Wengine husema wasikia baridi na wasikia njaa. Mwanafunzi afasiriye neno kwa neno huandika "I see cold" na "I hear hunger", na msomaji wake hupigwa na bumbuazi. Mwingereza hana jicho la baridi wala sikio la njaa. Husema "I feel cold", "I am hungry", "I am ashamed". Vile vile twasikia harufu, naye husema "I smell".

Tena sisi husema "naona" kwa maana ya kutoa shauri: "Naona afadhali tuondoke mapema." Hapo Kiingereza hutaka "I think". Mwingereza naye hutumia "I see" kwa maana nyingine kabisa: nimefahamu, nimeelewa. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Wazee wamemwendea mkubwa wa ofisi kumweleza shida ya njia ya maji. Kila wakinena, yeye aitika, "I see, I see." Mkalimani asiye hodari awaambia, "Bwana asema anaona," nao warudi nyumbani kwa furaha, wakidhani kwamba ameyakubali maneno yao. Hakukubali, wala hakukataa. Amesema tu kwamba amefahamu wanachomwambia. Kufahamu shida ya mtu ni jambo moja, na kuahidi kuiondoa ni jambo lingine. Mwenye kutaka ahadi na aiulize kwa jina lake.

NENO DOGO LIGEUZALO NENO KUBWA

Katika Kiswahili kitenzi hubadili maana kwa kubadili mwisho wake. Ona huzaa onana, onekana, onyesha na onea. Na kila mtu ajua kwamba kumwonea mtu ni kumdhulumu, wala si kuona kwa niaba yake. Tazama huzaa tazamia, yaani kungoja jambo litakalokuja. Kiingereza hakibadili mwisho namna hiyo, bali huweka neno dogo kando ya kitenzi, na maana ikageuka. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Look into" ni kuchunguza jambo. "Look down on" ni kudharau. "Look forward to" ni kutazamia kwa furaha, na ndilo lifungalo barua nyingi za kuomba kazi. Ajabu ni kwamba "expect", yaani kutazamia, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kutazama nje. Watu wa Roma ya kale na Waswahili hawakupata kukaa baraza moja, lakini wote waliona kwamba mtu angojaye jambo hutazama njia litakayopita.

Maneno mawili yataka uangalifu mkubwa kwa karani na mhasibu: "look over" na "overlook". Sehemu zake ni zile zile, zimepinduliwa tu. Ukiambiwa "look over these accounts", umeagizwa kuzipitia hesabu na kuzikagua. Ukiambiwa "overlook this mistake", umeombwa uliache kosa lipite kama kwamba hukuliona. Karani aandikaye katika taarifa yake "I overlooked the accounts", akikusudia kusema kwamba alizikagua, ameungama kwa mkono wake mwenyewe kwamba hesabu zilimpita bila kuziona. Liko na "oversight", lenye maana mbili zilizo mbali kabisa: usimamizi, na kosa la kutoona. Lisomapo, tazama maneno yaliyolizunguka kabla ya kulifasiri.

MASWALI MATATU

Mtu hawezi kukariri mambo haya yote kwa siku moja, wala hana haja. Kila unapotaka kufasiri neno la macho, jiulize maswali matatu. Jicho lilikwenda lenyewe, au kitu kililijia? Lilikaa muda gani? Na moyo wa mwenye jicho ulikuwa na nini: upendo, hasira, hofu, mashaka, au haukuwa na neno? Majibu yake yatakuonyesha neno.

Kamusi ni msaada mkubwa. Zile mbili za Frederick Johnson, moja ya Kiswahili kwa Kiingereza na moja ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilitolewa na Oxford University Press mwaka 1939, na vizazi vya wanafunzi vimezitumia. Baada yake zimekuja nyingine nyingi. Lakini usisome neno la kwanza tu na kufunga kitabu. Soma mifano yote iliyoandikwa chini yake, kwa kuwa maana ya neno huonekana vizuri linapokuwa kazini pamoja na wenziwe. Kisha tunga sentensi tatu zako mwenyewe kwa habari unazozijua: ya shamba, ya sokoni, ya nyumbani. Andika kwamba ulimwona jirani njiani, kwamba ulitazama bei ya mahindi, kwamba ulimwangalia mtoto asianguke. Ukiweza kuzifasiri tatu hizo bila kuchanganya, umekwisha kuishika tofauti iliyo kubwa, na zile ndogo zitafuata.

Na usione kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya kutazama. Kuchungulia, kukodoa, kukazia macho, kutupa jicho na kukata jicho ni mali yetu ya tangu zamani. Mara nyingi tatizo ni uvivu wa msemaji, atumiaye "ona" kwa kila jambo hali maneno mengine yamo kinywani mwake. Asemaye Kiswahili chake kwa usahihi amemrahisishia mkalimani nusu ya kazi, na mtu huyo hawezi kuandikiwa neno ambalo hakulisema.